Bahasha za Siku ya Kwanza

Mkusanyaji hodari wa stempu hutazama kwanza tarehe iliyo katika muhuri. Mwaka 1893 posta ya Marekani ilitoa stempu za kukumbuka miaka 400 ya safari ya Columbus. Siku iliyowekwa ya kuziuza ilikuwa Jumatatu, tarehe 2 Januari, lakini baadhi ya posta zilizofunguliwa Jumapili zilitangulia. Kwa hiyo bahasha yenye muhuri wa tarehe 1 ni adimu, na wajuzi wabishana ipi hasa ndiyo siku ya kwanza. Wakusanyaji wengi wa zama zile, kwa nia njema, waliloweka bahasha majini ili wabandue stempu na kuzitia kitabuni. Masikini! Stempu ya senti 2 ilipigwa chapa zaidi ya milioni elfu moja. Muhuri walioutupa ndio usiopatikana.