Kamba Moja, Mashamba Mawili

Wazazi wengine hutuuliza sisi waalimu: «Mbona saa ya hesabu watoto wako uani na kamba na vijiti? Tumewatuma wajifunze ama wacheze?» Swali hilo ni la haki. Mzazi atoaye jasho ili kulipa masomo apaswa kujibiwa.

Nafundisha hesabu katika mwaka wa saba na wa nane. Watoto wa umri ule ni hodari wa kukariri. Ukiwauliza eneo la mstatili, hujibu kwa sauti moja: «Urefu mara upana!» Ukimwuliza mmoja wao eneo ni kitu gani, hunyamaza na kutazama ubao. Amepokea neno, hajapokea maana.

Ndiyo maana nawatoa nje na kamba ya meta 24, iliyofungwa ncha zake pamoja. Kundi la kwanza huitandaza iwe shamba la meta 6 kila upande. Kundi la pili, meta 10 kwa 2. Nauliza: «Shamba lipi ni kubwa?» Karibu wote hujibu kwamba ni sawa, kwa kuwa kamba ni moja. Kisha huchora chini kwa kijiti miraba ya meta moja moja, na kuihesabu. Shamba la kwanza lina miraba 36, la pili 20 tu! Kelele hujaa uani, na wengine huhesabu tena, maana hawayasadiki macho yao.

Wapenzi wasomaji, huo si mchezo. Fikirini mjane anayegawiwa shamba kwa kamba ya meta 240. Aambiwa: «Fungu lako ni sawa na la shemeji yako, kamba ni ileile.» Kamba ni ileile kweli. Lakini shamba la meta 60 kwa 60 lina meta za mraba 3.600, na lile la 100 kwa 20 lina 2.000 tu. Asiyejua hushukuru na kwenda zake. Mtoto aliyepima kwa mikono yake hadanganyiki hivyo. Na siku atakapogawa yeye, hataweza kudhulumu na kusingizia ujinga. Hesabu ni jambo la haki.

Wala tusidhani kwamba kuhesabu kwa mikono ni desturi ngeni kwetu. Mwaka 1950, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, mfupa mdogo uliochongwa alama katika safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20.000 hivi. Safu moja ina mafungu ya alama 9, 19, 21 na 11, jumla 60. Wataalamu hawajapatana juu ya maana yake. Wanafunzi wangu huchonga vijiti kwa mfano ule, na wenyewe hugundua: 10 kasoro moja, 20 kasoro moja, 20 na moja, 10 na moja. Husimama wima zaidi siku ile.

Hata hivyo, mkono peke yake hautoshi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ni vivyo hivyo. Tukirudi darasani, kila kipimo huandikwa, kisha twatafuta sababu: kwa nini shamba la pande sawa lashinda mistatili mingine yote ya kamba ileile? Kamba haiwezi kujaribu mashamba yote, akili yaweza. Mwenyezi Mungu alitupa vyote viwili, mkono na akili, ili kimoja kiongoze kingine.

Basi, wazazi, mtoto akirudi na vumbi magotini, msimkaripie kwanza. Mpeni kamba, apime kiwanja cha nyumba yenu, kisha awaeleze alivyofanya. Mkimwelewa ninyi msiokuwako darasani, jueni kwamba amejifunza.