Kachi ya Kinshasa: tulikwenda kumtafuta mtoto wa mwenzetu

Juma hili tunawapa habari ya safari yetu ya Kinshasa, kama tulivyoahidi mkutanoni. Mafundisho ya semina yatafuata katika jarida lijalo. Leo tunaanza na ile habari nyingine, ile mnayotuuliza kila tunapokutana sokoni.

Mnakumbuka kwamba mwezi wa saba mama mmoja wa kikundi chetu, muuza unga katika soko la Kenya, alitujia sisi wawili na telefone mkononi. Ndani yake mlikuwa video fupi. Binti aliyejipaka rangi nyeupe usoni anamwinua mwenzake juu, anamtupa chini, na watu wanapiga kelele. Mama akasema, "Huyu ni mtoto wangu." Alimtuma Kinshasa miaka 3 iliyopita, kwa mama mdogo wake, ajifunze kushona. Sasa video ilikuwa imezunguka mtaa mzima na watu walikuwa wamekwisha kukata maneno. Wengine walisema amekula dawa, wengine ameingia uchawi. Mahali pa maombi aliambiwa afunge siku 7. Alitukabidhi mfuko mdogo wa kapenta na neno moja: "Mkimwona, mumpe hii. Kisha mumlete."

Tulisafiri mwezi wa nane, wakati wa likizo ya masomo. Tulipotua Ndjili ilibidi turudishe saa nyuma kwa saa moja, maana Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi. Ni ajabu kusafiri ndani ya inchi yako mwenyewe na kukuta saa nyingine, luga nyingine na chakula kingine. Sombe yetu huko ni pondu, na bukari inakaa pembeni kwa sababu watu wanapenda chikwangue. Wenye pikipiki za kubeba watu wanaitwa wewa, neno la Tshiluba ambalo maana yake ni "wewe". Tulifurahi kusikia neno ambalo sikio letu lilielewa, kwa sababu Lingala yetu ilikuwa ya kuchekesha.

Bulvari Lumumba, kutoka uwanja wa ndege mpaka mjini, ni kama soko lisilo na mwisho. Wamama wanauza chikwangue, vijana wanakimbia kati ya motokari na maji ya mifuko kichwani, mabasi yanasukumana. Tuliona kwa mbali mnara mkubwa wa Limete, unaoonekana kabla hujajua uko wapi. Mama mdogo wa binti anakaa Matete. Alitupokea vizuri, akatupa kiti na maji, lakini tulipotaja jina la binti aliangalia chini. "Anakaa Masina sasa," akasema. "Anashona. Na siku ya Mungu anapigana. Kesho kuna kachi. Nendeni mwone wenyewe, mimi sitasema kitu."

Kwa wale wasioijua, kachi ni mieleka ya kulipwa, na jina lake limetoka katika Kifaransa. Kinshasa inaipenda tangu zamani. Wazee wakisikia neno kachi wanataja kwanza Kelekele Lituka, bingwa wa nyakati za Zaire. Ni mji uliozoea mapigano makubwa. Tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka 1974, Muhammad Ali alimpiga George Foreman pale katika Stade du 20 Mai, ambayo leo inaitwa Tata Raphaël. Baadaye likavuma jina la Edingwe, ambaye watu wanamjua kwa kachi ya dawa.

Lakini kachi tuliyoiona sisi si ya stade. Ni kachi ya mitaa. Kikundi kina mkubwa wake, ulingo wake wa mbao na vyuma unaofunguliwa na kubebwa kwa kigari cha kusukuma, na vijana wake wanaofanya kazi nyingine siku za kazi. Mmoja ni fundi wa nyumba, mwingine anauza mikate, mwingine ni wewa. Hakuna kampuni inayowalipa mshahara. Wanategemea kiingilio cha siku ile, basi.

Siku ya Mungu, saa 9 za mchana, tulisikia tarumbeta kabla ya kuona kitu. Kisha wakatokea. Mbele walikuwa wapiga tarumbeta na ngoma, nyuma yao motokari moja nzee, na juu yake wapiganaji wamesimama. Mmoja alivaa maski ya simba, mwingine amejipaka majivu mwili mzima, mwingine amebeba kijisanduku cha maiti begani. Watoto walikimbia nyuma kwa makumi. Wamama walitoka katika parseli zao na vijiko mkononi. Binti wetu alikuwa pale juu, uso mweupe, kitambaa chekundu kichwani. Hakutuona. Mmoja wetu alimfundisha katika mwaka wa 5 wa shule ya msingi, na alimtambua kwa namna anavyoinamisha kichwa akicheka.

Ulingo ulisimamishwa katika kiwanja cha mchanga. Tulilipa franka 1 000 kila mtu. Wasio na franka walipanda juu ya ukuta, na hakuna aliyewafukuza. Mapigano ya kwanza yalikuwa ya ufundi: kushika mkono, kumpindua mwenzio, kumlaza mabega chini mpaka mwamuzi amalize kuhesabu. Kisha ikaja kachi ya dawa. Yule mwenye majivu alitoa yai katika mfuko wake, akalizungusha, akalipasua. Mpinzani wake alikauka kama mti, akaanguka, akajiviringisha ulingoni akishika tumbo. Watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Mama aliyekaa karibu nasi alimfunika mtoto wake macho, lakini yeye mwenyewe hakuacha kuangalia.

Mwishoni wakaingia wanawake wawili. Mpinzani wa binti alikuwa mkubwa wake kwa umri na kwa kilo. Hatutaficha: tulipoona mtoto wetu anainuliwa juu ya kichwa cha mtu na kutupwa, tulisahau kwamba sisi ni walimu, tukapiga kelele kama wengine. Mbao zililia. Aliamka, akapigana, akaanguka tena, na akashindwa. Tulipomwona anatoka, mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa kwenye mbavu.

Tulimkuta nyuma ya ulingo, katika parseli ya jirani, anajiosha uso. Aliinua macho, rangi ikimtiririka mpaka shingoni. "Mwalimu! Umefika huku namna gani?" Alilia kwanza, kisha akacheka. Tulimpa kapenta ya mama yake. Aliufungua mfuko papo hapo, akanusa, akafunga tena.

Tulizungumza mpaka usiku. Alituomba tusiandike jina lake, na tunalishika neno hilo. Alitueleza kwamba wanafanya mazoezi asubui 3 kila juma, na jambo la kwanza wanalofundishwa ni kuanguka. Kidevu kwenye kifua ili kichwa kisigonge. Pumzi itoke. Usitangulize kiganja, kitavunjika. Anguka kwa mgongo mpana na upige ulingo kwa mkono mzima. Alisema mtu asiyejua kuanguka haruhusiwi kupanda. Nani atashinda, wanapatana mbele. "Lakini mbao hazipatani na mtu," akasema.

Tukamuuliza juu ya dawa. Alicheka kidogo. "Mwalimu, unakumbuka teatre ya mwisho wa mwaka, nilipokufa?" Tulikumbuka. "Ndivyo ilivyo. Tunafanya mazoezi ya yai kama tunavyofanya mazoezi ya kuanguka. Watu wanalipa ili waogope." Hatusemi kwamba wapiganaji wote wa Kinshasa wana mawazo hayo. Wapo wanaoamini dawa zao kabisa. Tunasema tulichoambiwa na mtoto tunayemjua.

Hapo tulimwambia jambo lililotusumbua tangu mchana. Woga ule wanaouza kwa franka 1 000 haubaki wote kiwanjani. Mjini humo humo wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwao kwa sababu mtu mmoja alisema ni ndoki, ni wachawi; wanalala barabarani, wanaitwa shege. Mama anayemwona mtu anaanguka kwa sababu ya yai, atamwaminije mtoto wake jirani akimshitaki? Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Na mimi pia wamenishitaki kule nyumbani, sivyo?" Hatukuwa na jibu zaidi ya ndiyo.

Sasa sikilizeni hili, wamama, kwa maana hapa ndipo tuliona tumekosea. Tulipoingia chumbani kwake tulikuta mashini ya kushonea ya miguu, vitambaa pande zote, na maski 4 za simba zikingoja kumalizwa. Yeye ndiye anayewashonea wapiganaji wote wa kikundi chake, na wa vikundi vingine viwili. Siku ile ya ulingo alipata franka 15 000. Maski moja na suruali yake vinamletea zaidi ya hapo. Mama yake alimtuma kujifunza kushona, na amejifunza. Kachi ilimletea wateja.

Lakini asubui, alipotaka kutuletea maji ya kuoga, alibeba ndoo kwa mkono wa kuume tu. Tukamwambia ainue wa kushoto. Ulifika usawa wa kifua, ukaishia hapo. Mwaka jana bega lilitoka mahali pake ulingoni. Mkubwa wa kikundi alimpeleka kwa mzee anayevuta mifupa, bega likarudishwa, na baada ya majuma mawili alirudi kupigana. Hawana mfuko wa msaada. Ukiumia, wenzako wanachanga. Siku ikiwa na mvua na kiingilio kikikosa, hakuna cha kuchanga. Mtaani kwetu wote waliogopa yai, majivu na sanduku la maiti. Hakuna aliyeuliza habari ya bega.

Tulimpeleka kwa munganga. Tulilipa picha ya radio kwa franka tulizoweka kwa ajili ya kununua vitenge. Waliotuagiza vitenge watusamehe. Munganga alisema nyama zinazoshika bega zimelegea, na kwamba likiendelea kutoka, siku moja mkono utakosa nguvu hata ya kushika kitambaa. Alimpa mazoezi madogo ya kila siku na miezi 3 bila kachi. Binti alisema atajaribu 2. Tukasema 3. Akasema, "Mwalimu, mnarudi Lubumbashi, mimi ninabaki hapa na kodi ya nyumba." Tuliachana kwa neno hilo. Tulizungumza pia na mkubwa wa kikundi. Alitusikiliza kwa heshima, akakubali binti abaki mshonaji na mfundishaji wa kuanguka mpaka bega lipone. Kama atashika neno lake, tutajua.

Tulirudi bila mtoto. Mama yake alitupokea pale sokoni, akaangalia nyuma yetu, akaona hakuna mtu. "Niliwapa kazi moja," akasema. Alikasirika na alikuwa na haki. Tulimweleza mashini, maski, bega, yote. Juu ya uchawi hakuuliza hata neno. Aliuliza tu kama mkono unaouma ni ule anaoandikia. Tukasema hapana, ni wa kushoto. Akakaa juu ya gunia lake la unga.

Kwa hiyo tunawaletea mambo matatu. La kwanza, watoto wetu wanaiga kachi wanayoiona katika telefone. Masomoni tumeona mtoto aliyevunjika mkono kwa sababu mwenzake alimwinua na kumtupa kwenye sementi. Mwambieni mtoto wazi: wale wamefundishwa kuanguka kwa miezi mingi, wewe hujafundishwa. Mtu asishikwe shingo, mtu asiinuliwe. La pili, mtoto akisemwa kwamba ameingia uchawi, tusikate maneno kwa video ya dakika moja. Twende tumwone, tumuulize anakula nini, anafanya kazi gani, anaumia wapi. La tatu ni la kikundi chetu. Likelemba ya mwezi wa 10 ilikuwa zamu ya mwenzetu mwingine. Amekubali kubadilishana, ili mama huyu apate tiketi na aende mwenyewe kukaa na mtoto wake wakati wa mapumziko ya bega. Bado franka zinapungua kidogo.

Tutalizungumza katika mkutano wa siku ya posho. Mwenye chochote alete. Na mwenye kapenta alete pia, kwa maana binti alituambia ile ya Kinshasa haina ladha.