Tunduma: Chakula cha Wapita Njia

Akina mama wenzetu, safari hii tunawapeleka Tunduma, mji wa mpakani. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapoiacha Tanzania na kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976, nayo hupita hapo kuelekea Kapiri Mposhi. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni mchana na usiku. Tangu mwaka 2016 mji huu umo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao makuu ya mkoa yako Vwawa.

Penye watu wengi namna hiyo chakula hakikosekani. Tulikuwa akina mama sita na watoto wawili, na kwa siku tatu za semina yetu tulikula nje asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya kwanza tuliingia katika hoteli moja karibu na barabara. Ukutani paliandikwa pilau, kuku, samaki na ndizi za nyama. Tulipoagiza, kijana aliyetuhudumia alitikisa kichwa kwa kila kimoja, mwisho akasema kuna wali na maharage tu. Wali ulikuja wa baridi, umeshikamana kama tofali. Maharage yalikuwa na mawe, na mchuzi wake ungeweza kuhesabu vitunguu vilivyomo kwa vidole vya mkono mmoja. Hili lilitusikitisha zaidi kwa kuwa Mbozi, tuliyoipita njiani, ni nchi ya mahindi, maharage na kahawa. Tukaomba basi kahawa. Tuliletewa maji ya uvuguvugu na kikopo cha kahawa ya unga ya kiwandani.

Jioni watoto walililia chipsi mayai. Kwenye kibanda tulichofikia, mafuta ya karai yalikuwa meusi kama oili ya gari, na chipsi zilikuwa zimekaangwa mapema, zikisubiri kurudishwa motoni. Mafuta yakikaangiwa mara nyingi huharibika, huleta uchungu mdomoni na hayaufai mwili. Mtoto mdogo alionja mara moja akasukuma sahani. Hatukumlazimisha.

Siku ya pili, mwenzetu mmoja alimwuliza kwa upole mama mwenye kibanda kingine kwa nini wali wake ni wa asubuhi hali ilikuwa saa kumi jioni. Yule mama hakukasirika. Alijibu, "Mama, ninyi ni wapita njia, leo mpo kesho hampo. Nikipika kila saa, hela ya mkaa nitaitoa wapi?"

Jibu lile lilitufungua macho. Mahali ambapo mteja hatarudi, mpishi hapati hasara kwa kumwudhi. Wala si uvivu peke yake. Mama ntilie hununua mkaa, hununua maji kwa ndoo, hulipa ushuru, na nyumbani ana watoto wanaosubiri ada na madaftari. Chakula kikibaki, hasara ni yake. Ndiyo maana kiporo cha asubuhi huuzwa jioni.

Lakini sisi tuliosomea uuguzi hatuwezi kuishia kwenye huruma. Wali ukipikwa na kuachwa katika joto la kawaida, vijidudu vilivyosalia huamka na kutoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kitunzwe cha moto kwa nyuzi zaidi ya 60 za Selsiasi, au cha baridi chini ya nyuzi 5. Tena Tunduma iko mpakani, na magonjwa hayaulizwi pasipoti. Kipindupindu kilichoanza Zambia mwezi wa Oktoba 2023 kiliua watu zaidi ya 700 katika nchi hiyo. Mtoto mdogo akihara na kutapika, maji humwishia upesi kuliko mtu mzima.

Siku ya tatu, tukiwa njiani kurudi, tulishuka Mlowo tukaingia ndani kabisa ya soko. Huko tulikuta mama anayepikia wachukuzi na wenye meza za mahindi. Ugali ulisongwa tukiangalia, maharage yalikuwa yanachemka, mboga za majani zilikuwa za kijani, na ndoo yenye koki ilikuwa na sabuni pembeni. Hapakuwa na kitambaa mezani, na benchi lilikuwa la ubao mmoja. Watoto waliomba waongezewe. Wateja wa mama yule hurudi kila siku, na akipika vibaya leo, kesho atakaa peke yake.

Basi, mama unayesafiri na watoto, haya yatakufaa:

Uliza wenyeji wa mahali wanakula wapi, ukale hapo. Usiulize, "Kuna nini?" Uliza, "Nini kiko motoni sasa?" Tazama maji ya kunawa kabla ya kutazama bei. Kachumbari na matunda yaliyokwisha kukatwa, yaache. Nunua ndizi au chungwa umenye mwenyewe. Beba maji yaliyochemshwa, na pakiti chache za ORS kutoka duka la dawa. Mtoto akianza kuhara, changanya pakiti kama ilivyoandikwa, umnyweshe kidogo kidogo, uendelee kumnyonyesha kama bado ananyonya, na umpeleke kituo cha afya mapema.

Ukipata chakula kibaya, mwambie mpishi faraghani, kwa maneno ya heshima. Na ukipata kizuri, msifu mbele ya wateja wake. Mama yule wa Mlowo tulimsifu hivyo. Wachukuzi walicheka wakasema wao wanajua siku nyingi, naye akaufunika ugali uliobaki ili usipoe kabla ya wengine kufika.