Josina Machel na Masomo Aliyoyaacha

Sisi tuliozaliwa kando ya mto Ruvuma twajua tangu utoto kwamba mto huu si ukuta. Huku wako Wamakonde, na ng'ambo wako Wamakonde. Huoana na kuzikana. Lakini leo nataka kuwaelezeni habari za binti mmoja wa ng'ambo ambaye hakuwa Mmakonde, wala hakuzaliwa karibu na mto huu, naye alimaliza nguvu zake zote kwa ajili ya watu wake. Jina lake ni Josina Machel.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945 huko Vilankulo, katika jimbo la Inhambane, kusini ya Msumbiji. Jina lake la ubinti ni Josina Muthemba. Baba yake alikuwa muuguzi, na babu yake mhubiri wa Kanisa la Presbiteri, mtu asiyeogopa kuukemea utawala wa Wareno. Siku zile Wareno walikuwa wakiwashika watu kwa kazi ya kulazimishwa, na watoto wa Kiafrika waliopata shule walikuwa wachache sana. Josina alikuwa mmoja wa wachache hao, akapelekwa kusoma hata Lourenço Marques, ndio mji uitwao Maputo sasa.

Mwaka 1964 alitoroka pamoja na wanafunzi wenzake ili waje Tanganyika kujiunga na Frelimo, chama cha kuikomboa Msumbiji. Wakakamatwa Rhodesia, karibu na maporomoko ya Victoria, wakarudishwa kwao, naye akatiwa gerezani miezi kadhaa. Alipofunguliwa hakukata tamaa. Mwaka 1965 alitoroka tena, akapita nchi ya Waswazi, Afrika ya Kusini, Botswana na Zambia, hata akafika Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Akapewa kazi katika Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi iliyoongozwa na Bibi Janet Mondlane.

Ndipo akapewa nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu huko Uswisi. Akaikataa.

Nilipofika hapa katika kuwasimulia wanafunzi wangu, msichana mmoja aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, kila siku watuambia tusiache masomo kwa sababu yo yote. Mbona huyu wamsifu kwa kuyaacha?" Darasa zima likanyamaza likingoja. Swali lake lilikuwa la haki, wala si jepesi, maana msichana huyu ana wazee wanaosema kwamba vitabu vyamtosha sasa, na mume atafutwe. Mfano wa mtu aliyeacha masomo waweza kuwa silaha mikononi mwao.

Basi nikamwambia atazame Josina alikwenda wapi. Hakwenda kukaa. Mwaka 1967 alikwenda Nachingwea, ambayo wakati ule ilikuwa katika Mkoa wa Mtwara, akafunzwa pamoja na wasichana wengine wa kikosi cha kwanza cha wanawake wa Frelimo. Wengi waliwacheka, wakisema vita si kazi ya wanawake. Lakini wanawake hao walibeba mizigo, walilinda vijiji, walifundisha kusoma na kuandika, na waliwatunza wagonjwa na yatima katika nchi ambayo Wareno walikuwa wamekwisha kuondolewa. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa pili wa Frelimo huko Matchedje, Josina alisimama kutetea kwamba mwanamke awe na sauti sawa na mwanamume. Mwaka 1969 akawekwa kuwa mkuu wa Idara ya Mambo ya Jamii, akajishughulisha na vituo vya kulelea na kusomeshea watoto wa vita katika Niassa na Cabo Delgado. Mwaka huo huo aliolewa na Samora Machel huko Tunduru, wakapata mtoto wa kiume.

Kwa hiyo masomo hakuyadharau. Aliacha masomo yake mwenyewe ili maelfu wapate yao. Tena alichagua mwenyewe. Hakuna mzee aliyemchagulia. Kumwondoa msichana shuleni kwa nguvu ni kuifukia talanta yake, na wala si kufuata mfano wa Josina hata kidogo.

Mwaka 1970 alianza kuugua, akapelekwa Moscow kutibiwa. Aliambiwa apumzike, hakupumzika. Mapema mwaka 1971 alikuwa Cabo Delgado akikagua kazi ya watoto, na huko nguvu zikamwishia. Akaletwa Dar es Salaam, akafariki tarehe 7 Aprili 1971. Alikuwa na umri wa miaka 25, na mtoto wake alikuwa hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Uhuru wa nchi yake, tarehe 25 Juni 1975, hakuuona. Siku aliyokufa ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Tangu mwaka 1917 hata leo ni zaidi ya miaka mia, na vita vimepita mara nyingi katika mto huu. Vilivyoanza Cabo Delgado mnamo Oktoba 2017 vimewafukuza watu wengi makwao, na Oktoba 2020 vilivuka hata huku kwetu, katika kijiji cha Kitaya. Watoto wa namna ile aliyoifia Josina wako tena, wengine karibu na milango yetu. Mtu asiseme kwamba hana cheo wala silaha. Mwenye kujua herufi aweza kumfundisha asiyejua, na mwenye chumba aweza kumpokea yatima.

Yule msichana wangu alinijibu kwamba yeye atasoma kwanza, kisha atakwenda. Nikamwambia ni vema, ila asisahau lile neno la pili.