Nilifuata Kitanda Keko, Nikakutana na Wali wa Nazi

 

Basi bwana, juzi Alhamisi nimeenda Keko na hasira zangu mkononi. Kuna fundi nilimpa advansi ya kitanda cha mninga tangu mwezi wa tatu. Kitanda chenyewe cha mama yangu, mgongo unamsumbua na kile cha zamani kimebonyea katikati kama mtumbwi. Kila nikipiga simu naambiwa "dada'angu, kesho kinapigwa vanishi." Hiyo kesho imeshafika mara kumi. Nikasema leo ndo leo, sitoki Keko mpaka nikione.

Nafika saa saba mchana, fundi hayupo. Kijana wake wa kupiga msasa, vumbi mpaka kwenye kope, akanambia, "Kaenda kula, dada. Pita hapo nyuma." Nyuma wapi? Akanionyesha kinjia kati ya makochi ambayo hayajavalishwa vitambaa na rundo la mbao. Nikapita nimeshika gauni lisinase kwenye misumari, huku natukana kimoyomoyo.

Mwisho wa kinjia, wadau, kuna mwembe. Chini ya mwembe meza kama sita hivi, hakuna inayofanana na mwenzake. Viti ndo usiseme. Viti vya mtiki vya kuchonga, watu waliagiza wakatoa nusu hela hawakurudi tena, basi mafundi wamemwazima mama mpishi. Nimekalia kiti ambacho dukani nisingethubutu hata kuuliza bei, miguu imezama kwenye maranda. Hakuna spika, hakuna mhudumu wa kukusimamia kichwani. Kaupepo tu, na randa inasikika kwa mbali.

Fundi akaniona. Alivyonyanyuka nikajua huyu anakimbia, kumbe anaenda kuniletea maji ya kunawa. "Dada, kula kwanza, halafu ndo unigombeze."

Nikala. Wali wa nazi umepaliwa makaa juu, punje zimeachana, na ukoko unapewa ukiomba kwa adabu. Changu kachomwa kwanza kwenye mkaa, ndipo akapakwa mchuzi wa nazi wenye ukwaju kwa mbali. Mchicha pembeni na pilipili ya kukaanga. Elfu nne! Nilinyamaza, na mnaonijua mnajua mimi sinyamazi.

Sasa nikiri kitu. Kuna hoteli moja ya ufukweni niliwahi kuwasifia hapa samaki wake wa kupaka, elfu thelathini na tano sahani. Ule mchuzi ulikuwa umekatika, maji huku mafuta kule, na niliona. Niliandika mtamu kwa sababu nilikula bure. Mlioenda kwa maneno yangu mnisamehe.

Nikamfuata mama jikoni. Shikamoo, marahaba mwanangu, umeshiba? Nikamuuliza siri ni nini. Akacheka, akasema hakuna siri, watu wana haraka tu. Tui jepesi ndilo linalopikia. Kasimile, lile zito la kwanza, linaingia mwisho, moto mdogo, unakoroga tu na hufuniki. "Ukilifunika ukaenda kushika simu, limekatika." Mtu wa Tanga huyo, samaki anawafuata mwenyewe Feri alfajiri.

Nami nikatoa simu nipige picha. Akaweka mwiko chini.

"Mwanangu, usinipige."

Akanieleza taratibu, bila kukasirika. Alikuwa na kibanda sehemu nyingine. Wakaja vijana wakampiga picha, wakarusha mitandaoni, zikaanza kuja gari. Mwenye eneo kuona gari, akapandisha kodi mara mbili. Hakumaliza miezi mitatu. Akanionyesha daftari lake la mikopo, majina ya vijana wa msasa na wapaka rangi, wanakula wiki nzima wanalipa Jumamosi. "Wakija wa magari, hawa watakaa wapi? Wewe andika chakula. Mimi usiniandike."

Iliniuma, maana picha ndo kazi yangu, na ile ingevuma. Lakini nikakumbuka kibanda cha supu nilichowaandikia mwaka jana kwa mbwembwe zote. Nilipita majuzi, bei imepanda karibu mara mbili, na wale madereva wa boda walionipeleka pale mara ya kwanza sikumuona hata mmoja. Nikarudisha simu kwenye pochi.

Kwa hiyo leo hakuna picha, hakuna jina, na msinifuate inboksi. Keko ni kubwa, mafundi ni wengi na miembe ipo.

Kitanda? Hakijapigwa vanishi mpaka leo. Fundi kasema nirudi Jumanne. Nikamwambia sawa, ila nitakuja saa saba mchana.