Baba, nani atabaki nje?

Jumapili moja jioni baba alinipigia simu kuniuliza kama nimekula. Katikati ya mazungumzo akasema, "Kesho tunaingia kwenye tangi la kiwandani kusugua kutu. Lilikuwa limefungwa miezi miwili."

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na wiki ile nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya usalama kazini. Nikamuuliza, "Baba, nani atabaki nje?"

Akacheka. "Mwanangu, nimeingia humo tangu hujazaliwa."

Nikamweleza. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Tangi la chuma likifungwa muda mrefu, kutu huila oksijeni hiyo. Hakuna harufu wala moshi. Mtu anaingia, anaishiwa nguvu, anaanguka. Mwenzake anakimbilia kumwokoa, naye anaanguka. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, iliandika mwaka 1986 kuwa zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa sehemu kama hizo ni waliokwenda kuokoa.

Baba alinyamaza. Kisha akasema taratibu, "Ndivyo alivyokufa yule jirani yetu. Alimfuata mwenzake kwenye shimo la maji machafu."

Nilikuwa mdogo. Nakumbuka watu wazima wakisema ni mipango ya Mungu. Hakuna aliyesema kwamba hewa haikupimwa.

Kesho yake baba aligoma kuingia mpaka kipimo cha gesi kiletwe. Msimamizi akalalamika kuwa anachelewesha kazi. Kipimo kilipokuja saa sita mchana, kilisoma 16, wakati chini ya 19.5 mtu haruhusiwi kuingia hivi hivi. Waliweka feni, wakapima tena siku iliyofuata, ndipo wakaingia na kamba mwilini, na mtu mmoja mlangoni asiye na kazi nyingine ila kuwaangalia.

Kama mwenzi wako au kijana wako anaingia kwenye matangi, chemba au mashimo, muulize kabla hajatoka nyumbani: Hewa itapimwa? Mabomba na mashine vitafungwa? Nani atabaki nje, na atakutoaje bila yeye kuingia?

Siku hizi baba akipiga simu, kabla hajaniuliza kama nimekula, hutangulia kusema: "Leo nje alikuwepo mtu."