Alasiri kwenye Kilabu cha Mbege

Kutoka Marangu Mtoni unapanda kwa lami, kisha unaiacha na kushika njia ya udongo mwekundu inayokatiza vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Kilabu hakina kibao. Harufu ndiyo inayokuelekeza: ndizi mbivu zilizochemshwa, moshi wa kuni, na uchachu unaobaki puani hata upepo ukigeuka.

Ni banda la mbao lililoezekwa bati, wazi upande wa mbele, limebanwa na migomba mpaka majani yanasugua paa. Nyuma yake unapita mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee wa kale kuleta maji ya msituni vihambani. Nilifika saa tisa alasiri. Mawingu yalikuwa yamekifunika kilele cha Kibo na baridi ilishaanza kushuka. Ndani, mabenchi yamezunguka kuta tatu, mbao zake zimelainika kwa kukaliwa. Hakuna meza. Chombo kinashikwa mkononi au kinawekwa sakafuni, katikati ya miguu. Shikamoo yangu iliitikiwa na benchi zima, wakasogea, nikapata pa kukaa.

Mama mwenye kilabu ndiye aliyenionyesha jikoni, na huko nikauona ukubwa wa kazi yenyewe. Pipa la chuma la lita 200 limekaa juu ya mawe matatu makubwa, limepiga weusi hadi mdomoni. Mwiko wake ni mrefu kuliko mimi, na hushikwa kwa mikono miwili, mtu amesimama. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya kahawia, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke, na maji yake yakachujwa. Ulezi nao huloweshwa, ukachipua, ukaanikwa juani, ukasagwa, ukapikwa uji. Uji ukipoa, unachanganywa na maji yale ya ndizi, na kesho yake pombe inanyweka. Yaani mbege ninayoinywa leo ilianza kupikwa wiki nzima nyuma.

Kuna pia msesewe, gome la mti linalotia uchungu. Mama alivunja kipande akaniwekea kiganjani: kikavu, chepesi, rangi ya kutu. Nikakigusa kwa ncha ya ulimi na uchungu ukapanda hadi masikioni.

“Likizidi hainyweki,” akasema. “Likipungua, utasema unakunywa uji.”

Hapimi kwa kijiko wala mizani. Anapima kwa mkono aliourithi kwa mama yake.

Mlimani hapa, kwa desturi, kahawa ilikuwa ya baba na ndizi ya mama. Fedha ya kahawa ilikuja kwa msimu, ikapita mikononi mwa wanaume. Mkungu wa ndizi ulikuwepo mwaka mzima, na mwanamke aliyejua kuugeuza pombe alikuwa na chake. Nikiangalia lile pipa naona ada za shule, madaftari na viatu. Kazi hii haisemwi vya kutosha. Tunamzungumzia sana mnywaji, mpishi tunamsahau.

Nilirudi bandani nikaletewa kata, kibuyu kilichopasuliwa na kuachiwa mpini mrefu. Vikombe vya plastiki vipo, na wengi wanavitumia, lakini mzee aliyekaa kulia kwangu alisisitiza mgeni apewe kata. Mdomo wa kata hiyo ulikuwa umepata ufa, ukashonwa kwa uzi, mishono midogo iliyofuatana sawasawa. Mama akaonja kwanza mbele yangu, ndivyo desturi inavyotaka, kisha akanikabidhi. Makapi ya ulezi yalielea juu. Nikayapuliza pembeni, nikanywa. Utamu wa ndizi ulitangulia, uchachu ukafuata, na msesewe ukaja mwisho kabisa, nyuma ya ulimi. Ni nzito, inajaza tumbo. Mzee alikuwa na punje mbili za ulezi kwenye ndevu.

“Usiikimbize, mwanangu,” akaniambia. “Hii inakaliwa.”

Na kweli ilikuwa inakaliwa. Kulizungumzwa zamu ya maji ya mfongo, ng'ombe aliyekataa majani, mpaka wa kihamba fulani. Aliyekuwa na saruji kwenye suruali alimdai mwenzake ujira wa siku mbili, na benchi likaamua alipwe kabla ya Jumapili. Kisha akaingia kijana aliyevaa shati lililonyooshwa, akasimama mbele ya mama kwa adabu, akaagiza madebe mawili. Nyumbani kwao wanakwenda kuposa. Akaulizwa ukoo, akautaja, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Posa bila mbege haijakamilika huku, na anayekwenda kuomba radhi huibeba pamoja na jani la isale.

Ng'ambo ya njia kuna duka dogo lenye dirisha la nondo. Pombe kali za viroba zilipigwa marufuku nchini Machi 1, 2017, lakini chupa ndogo za plastiki zimepangwa pale kama sabuni. Vijana walikuja mmoja mmoja, wakanunua, wakanywa wamesimama, wakaondoka. Sikusikia hata mmoja akisalimiwa. Ulevi wa mbege upo, umevunja nyumba nyingi, na sitauficha. Hata hivyo bandani niliona mtu aliyezidisha akinyimwa kata na mama yule yule anayemuuzia, mwenzake akamshika mkono kumpeleka kwake. Dirisha la nondo halimjui mteja wake hivyo.

Ukitaka kuionja, panda ukiwa umekula, uwe na mtu wa kukushusha, na msalimie kila uliyemkuta. Usiitie chupani kuipeleka Dar es Salaam. Mbege ni ya kunywewa siku yake. Siku mbili baadaye imebaki uchachu mtupu.